Njia ya Lamu na Umri wa Tairi

Mfungo Sita unapoingia, nyumba nyingi za Mombasa huanza kufungasha. Wako wanaokwenda Lamu kuhudhuria Maulidi ya Msikiti Riyadha, wako wanaokwenda kuwatazama wazee wao, na wako ambao kwao safari hiyo ndiyo mapumziko ya pekee ya mwaka mzima. Mama huhesabu nguo, chakula cha njiani na dawa za bibi. Watoto huhesabu siku. Kila kitu hukaguliwa illa kile ambacho jamaa nzima itakikalia kwa zaidi ya kilomita 300: matairi manne yaliyo chini ya gari, na la tano lililolala chini ya mizigo. Basi na tuipite njia hiyo pamoja, mji baada ya mji, macho yetu yakiwa chini, penye mpira.

Nawakusudia zaidi mama na dada zetu, na nina sababu. Siku hizi usukani umo mikononi mwao kuliko ilivyokuwa zama za ujana wetu. Wao ndio wapelekao watoto shuleni na madrasa, wao ndio wakimbizao wagonjwa hospitali, na katika nyumba ambazo baba yuko Ghuba au yuko baharini, wao ndio wasimamizi wa gari tangu mafuta hadi bima. Walakini mama huyo afikapo kwa fundi, aghalabu hupewa mojawapo ya majibu mawili: ama "yangali mazuri, twende tu", ama "yote yamekwisha, nunua manne leo", kwa kadiri fundi alivyoamka siku hiyo. Mmoja wa wanafunzi wangu katika darasa la akina mama aliniuliza: "Ustadhi, fundi aniambia matairi yana meno mazuri, na shemeji aniambia yamezeeka. Nimwamini nani?" Nilimjibu kwamba huenda wote wawili wasema kweli, kwani tairi hufa vifo viwili, na kimoja hakingoji kingine.

Kifo cha kwanza ni cha kulika. Hiki mtu aweza kukitazama mwenyewe nyumbani, siku mbili tatu kabla ya safari, gari likiwa limesimama kivulini. Chungulia ndani ya mifereji mikuu inayolizunguka tairi. Utaona vizingiti vidogo vya mpira vilivyolala kukingama. Kampuni huviweka pale makusudi, na kimo chake ni kama milimita 1.6. Meno ya tairi yakilika hadi yakawa sawa na kizingiti, tairi hilo limekwisha, hata fundi alisifu kwa kiapo. Na mwenye hadhari hangoji kufika hapo, hasa masika yanapokaribia. Kazi ya mifereji ile ni kuyatoa maji chini ya gurudumu. Ikipungua kina, maji hayana pa kukimbilia; gari huinuka likaelea juu ya utando wa maji, na usukani huwa mwepesi mkononi, haushiki wala hautii. Tairi kipara laweza kukupeleka sokoni miezi mitatu ya jua bila ya neno, kisha likakusaliti katika mvua ya dakika kumi.

Namna lilivyolika nayo yatoa habari. Likilika katikati tu, limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, limekuwa likienda na upepo haba. Likilika upande mmoja, magurudumu hayakukaa sawa na yapaswa kupelekwa kwenye mashine ya kuyanyoosha, ama sivyo utanunua tairi jipya na upande uleule utaliwa tena.

Kifo cha pili ni cha uzee, na hiki ndicho kinachowapita watu wengi. Mpira ni kitu chenye umri. Jua, joto na hewa huukausha hata kama gari halitembei, na ubavuni mwa tairi hutokea nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Nyuzi za ndani nazo hulegea mshiko wake bila ya kuonyesha dalili nje. Kwa hiyo ubavuni mwa kila tairi huchapwa tarehe ya kuzaliwa kwake. Tafuta herufi DOT, uzifuate hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe. Zikisema 2319, tairi limetoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake si chini ya gari la mtu yeyote. Wakati mwingine tarehe huwa ubavu wa ndani, unaotazama chini ya gari. Hapo yabidi kuinama na tochi, au kumtuma kijana mwenye macho mazuri.

Miaka mingapi basi? Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka sita. Makampuni ya tairi aghalabu husema likipita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe, hata kama meno yake yangali marefu, na hata kama halijapata kugusa barabara. Miye, kwa jua letu hili la pwani na kwa gari lililobeba watoto, hupendelea kauli ya miaka sita. Miaka kumi naiona ni ya watu wa nchi za baridi.

Hapa liko jambo linalotuhusu sisi tulio karibu na bandari ya Kilindini. Magari yetu mengi hushushwa pale kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, na huja na matairi yake. Mnunuzi huona meno marefu akafurahi, kumbe tairi lina umri sawa na gari. Tena mengine huwa ni matairi ya theluji, yaliyotengenezwa kwa mpira laini ili ushike barabara ya barafu. Hayo yakifika kwetu hulika upesi kama sabuni, na gari hujihisi legelege kwenye kona. Mwenye kununua gari la bandarini na aziangalie tarakimu nne zile kabla ya kuiangalia redio.

Sasa tufunge safari. Alfajiri, baada ya swala na kabla ya gari kuwashwa, ndio wakati wa kupima upepo, kwa kuwa tairi likisha kukimbia hupata joto, na kipimo hupanda, kikakudanganya. Kipimo chenyewe fungua mlango wa dereva utakikuta kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Kwa magari mengi ya nyumbani huwa paundi thelathini na kitu. Ile namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, nayo si kipimo cha kujazia, ingawa nimewaona vijana wa vituo vya mafuta wakiifuata kama fatwa. Gari likipakiwa watu kamili na mizigo, baadhi ya karatasi zile hutaja kipimo cha juu kidogo kwa mzigo kamili; ufuate huo. Na ukisimama njiani ukapima tairi la moto, ukakuta paundi zimezidi, usilipunguze. Likipoa litakuwa na upepo haba, na upepo haba ndio adui.

Nieleze kwa nini, kwa sababu watu hudhani tairi hupasuka kwa kujaa sana. Mara nyingi ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavu kila linapozunguka, na kukunjika huko ni msuguano, na msuguano ni joto. Tunavuka Daraja la Nyali, tunapita Mtwapa, tunaingia Vipingo penye mashamba ya katani, na jua limekwisha kuchomoza. Gari lina mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, lami yachemka, ndani mna watu saba, na juu ya kichwa cha gari pamefungwa magunia. Mpira hupata moto kutoka juu, kutoka chini na kutoka ndani ya nafsi yake. Tairi jipya lenye upepo sawa huyavumilia hayo. Tairi la miaka tisa lenye upepo nusu hubanduka ngozi yake ya nje, ikaruka kipande kizima barabarani. Vile vipande vyeusi unavyoviona kando ya njia kuu vingi vyao vimetokana na tairi za malori zilizokufa kwa joto.

Kilifi tunapita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo mtu alingoja feri, na tairi nazo zikapata kupumzika. Siku hizi hakuna anayezipumzisha. Kwa hiyo nashauri kituo kiwe Malindi, kwa chai na kwa kuzunguka gari mara moja. Weka kiganja karibu na kila tairi. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, hilo lina jambo.

Malindi ina haki ya kutajwa katika habari ya mpira. Mwishoni mwa karne ya 19, Wagiriama wa bara yake walikuwa wakigema mpira wa mwituni kutoka katika mitambaazi na kuuleta katika miji ya pwani, nao ukapakiwa kwenda ng'ambo. Huenda baiskeli za Ulaya zilipita juu ya utomvu wa misitu yetu miaka ileile John Boyd Dunlop alipoanza kutengeneza matairi ya upepo, aliyoyasajili mwaka 1888. Sasa sisi ndio tunaonunua.

Na tununue vipi? Gari la jamaa nyingi za hapa, tuseme Toyota Noah, aghalabu huwa na tairi lililoandikwa 195/65R15 91H. Maana yake: upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni aina ya ufumaji wa ndani, 15 ni inchi za rimu, 91 ni uzito ambao tairi moja laweza kubeba, nao ni kilo 615, na H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa, ambao namuomba msomaji asiujaribu. Iandike alama hiyo ya gari lako kwenye simu. Ukienda dukani ukaambiwa "hili nalo litaingia", jibu kuwa kuingia hata kiatu cha jirani huingia. Namba ya uzito isipungue ile ya awali kwa hali yoyote. Kisha isome tarehe, kwani tairi laweza kuwa jipya na mzee kwa pamoja: halijatumika, lakini limekaa ghalani miaka minne.

Kuna matairi ya mitumba pia, na najua kwa nini watu huyanunua. Bei ya matairi manne mapya yaweza kukaribia karo ya muhula wa mtoto, na mama anayelea peke yake hana budi kupima. Simlaumu mnunuzi. Neno langu ni kwa muuzaji. Wako wanaolichonga upya tairi kipara kwa kisu cha moto ili lionekane lina meno, wakala mpira uliokuwa ukizilinda nyuzi. Wako wanaofuta tarehe, wakapaka dawa nyeusi ya kung'arisha. Wanazuoni wa fiqhi wameliweka bayana jambo la kuuza kitu chenye aibu huku muuzaji anaijua na kuificha: mnunuzi ana hiari ya kukirudisha na kurejeshewa mali yake. Mama, irudishe, na usione haya. Ikiwa fedha hazitoshi manne, nunua mawili mapya yenye ukubwa mmoja, uyaweke nyuma. Watu wengi huyaweka mbele. Lakini gurudumu la mbele likiteleza dereva hulihisi usukanini, apunguze mwendo. La nyuma likiteleza gari hugeuka lenyewe kabla hajajua.

Tukivuka daraja la Sabaki, mambo hubadilika. Mambrui, Gongoni penye viwanda vya chumvi, Marereni, kisha kilomita nyingi za vichaka hadi Garsen kwenye Mto Tana. Mafundi wa pancha huwa wachache, kivuli huwa kichache, na hapa ndipo dua ya msafiri hupata ladha yake. Kila mtoto wa madrasa aijua habari ya bedui na ngamia wake. Wenye magari hawana ngamia wa kufunga. Wana nati tano za kukaza katika kila gurudumu.

Tairi likipasuka ukiwa kwenye mwendo, mguu utakwambia ukanyage breki. Usimsikilize. Shika usukani kwa mikono miwili, uinue mguu wa mafuta polepole, uliache gari lipungue lenyewe, ndipo ulitoe nje ya barabara. Breki ya ghafla juu ya tairi lililopasuka ndiyo ipinduayo magari. Ukisha kusimama, watu wote washuke upande ulio mbali na barabara, watoto washikwe mikono, na pembetatu za tahadhari zikae mbali nyuma ya gari.

Kubadilisha gurudumu si kazi ya nguvu kama wanaume wanavyoidai. Ni kazi ya utaratibu. Tafuta pahala pagumu na pa sawa. Vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Kabla ya kupandisha jeki, legeza nati kidogo kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa, gurudumu likiwa lingali limekaa chini. Ukizilegeza gari likiwa hewani, gurudumu litazunguka nawe, na gari laweza kuanguka. Mkono ukikosa nguvu, simama juu ya mpini wa spana, uzito wako utafanya kazi. Jeki huwekwa mahali palipotengenezwa chini ya gari, si popote, na kwa mchanga wetu wa pwani chukua kipande cha ubao cha kuweka chini yake, kwani jeki huzama. Asiingie mtu chini ya gari, hata kuokota nati. Gurudumu jipya likisha kuingia, kaza nati kwa mkono, shusha gari, kisha ukaze kwa nguvu kwa kuvuka: moja, kisha iliyo mkabala nayo, usifuate mduara. Baada ya kilomita kama 50 simama uzikaze tena. Na kama akiba yako ni lile tairi jembamba la muda, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na lishindwe kukufikisha kwa fundi wa kwanza tu, si Lamu na kurudi.

Hayo yote yana sharti moja, kwamba tairi la akiba liwe na upepo, na kwamba spana ipatikane. Jaribu nyumbani. Mpe binti yako aliyemaliza shule afanye mwenyewe uani mara moja, nawe ukae kitini umtazame bila ya kumsaidia. Itachukua saa nzima. Ya pili itachukua dakika ishirini.

Pancha ya msumari katikati ya meno huzibwa, na izibwe kwa kiraka kutoka ndani. Tundu la ubavuni halizibwi. Fundi atakayekuambia ataliziba ubavuni anakuuzia siku chache.

Kutoka Minjila hadi Witu na Hindi barabara sasa ni lami, na waliosafiri zamani juu ya tope lile jeusi la masika wanajua ni neema gani. Vizuizi vya maafisa wa usalama vipo, na wasafiri wengi hupenda kuivuka sehemu hii mchana. Hivyo kupoteza saa moja kwa pancha kwaweza kuivuruga hesabu yote ya siku.

Mokowe gari huachwa. Kutoka hapo ni mashua, na ng'ambo ya maji ni mji wa punda, ambao kwato zao hazihitaji upepo. Lakini hata Lamu ina la kutuambia juu ya tairi. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilienea mjini humo, watu wakalala nyumba nzima kwa maumivu ya viungo, na Mombasa nayo ikafikiwa. Mbu anayeieneza huzaliana katika maji yaliyotuama majumbani: mapipa, makopo, na tairi kuukuu lililotupwa uani. Umbo la tairi ni kama birika. Hata ulipindue vipi, halimwagi maji yote. Kwa hiyo lililokwisha lisibaki uani. Mpe fundi wa akala akate viatu, au litobolewe chini ndipo lipandwe mchicha.

Na likiondoka mikononi mwako kwenda kwa fundi wa tairi, mwombe alikate ubavu mbele ya macho yako, kabla hujamlipa. Lisipokatwa, laweza kuonekana sokoni wiki ya pili, limepakwa dawa nyeusi, likimngoja mama mwingine.